Ukurasa wa Daraja

Saa nne asubuhi Yamkumari Gharti, mtaalamu wa kompyuta wa halmashauri, alifunga utepe mwekundu kwenye kompyuta yake na kuuvuta kidogo usizibe kioo. Tovuti ilikuwa tayari, kurasa kumi na saba. Pandit, kuhani wa Kihindu, alikuwa ameangalia nyota, akapanga zipandishwe kwenye seva iliyoko Kathmandu kati ya saa nne na nusu na saa tano kasoro kumi. Mkata utepe alikuwa Mwenyekiti, Dambar Bahadur Rokaya, aliyevikwa mashada ya maua mengi hata havioni viatu vyake.

Saa nzuri ilipoingia, kurasa zikaanza kupanda. Ule wa picha ya Mwenyekiti ulitangulia, maana ulizoea kupishwa. Wa chanjo za mbuzi ukafuata. Wa mwisho, wenye kichwa "Daraja Letu Limekamilika", ulifika nusu ya safari, ukarudi umelowa.

Yamkumari aliupangusa kwa shali, akautuma tena. Ukarudi na changarawe.

"Umepitia wapi?" pandit aliuliza.

"Kwenye daraja lake," alijibu Yamkumari.

Pandit alielewa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia katikati ya mto. Pale mtoni, chini ya ofisi, hakukuwa na daraja. Kulikuwa na waya mmoja na ubao wa kukalia, unaovutwa kwa mikono. Waya huo ulikuwa umekula vidole viwili vya Yamkumari, na kila siku ulimvusha binti yake Asmi kwenda shule na kumrudisha. Ukurasa ule ukifika Kathmandu, daraja litahesabiwa limejengwa, na hakuna atakayelijenga tena. Yamkumari alilijua hilo, na roho ilimuuma.

"Tuuache, mheshimiwa," alisema. "Kumi na sita zinatosha."

"Dada yangu, kwa hiyo mimi nimevaa maua yote haya kwa ajili ya mbuzi?"

Watu wakacheka. Yamkumari naye alicheka kidogo, akajichukia.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu, sivyo?" Mwenyekiti aliuliza kwa upole, akimsogezea sahani ya maandazi.

Yamkumari aliirudisha sahani.

"Basi upitishe kwenye waya, mwanangu," alisema pandit. "Kama watu."

Aliubeba ukurasa hadi mtoni, akauketisha ubaoni, akaufunga kwa shali ili usiteleze, akavuta kamba mpaka ukafika ng'ambo. Kutoka hapo ulijua njia. Saa tano kasoro dakika kumi na moja utepe ulikatwa, makofi yakapigwa.

Wiki ya tatu ikaja barua ya wizara. Ilipongeza daraja na kuarifu kwamba jalada lake limefungwa. Aya ya pili ilikuwa malalamiko: kila ukurasa ule unapofunguliwa, maji ya mto humwagika mezani na kulowesha soksi za wakurugenzi. Lifanyike jambo haraka.

Lilifanyika. Kwa siku nne tu mfereji wa zege ulijengwa wizarani, kuanzia chini ya meza hadi barabarani, wenye mteremko mzuri. Mwenyekiti akamwagiza Yamkumari aandike ukurasa wa kumi na nane: "Mfereji Umekamilika".

Aliuandika, akautuma. Ulipanda mara moja, mkavu kabisa, maana mfereji ulikuwepo kweli.