Mkwe Hakai Juu

Sketi nyeusi ilikuwa imeanguka sakafuni, na Tulinagwe alikuwa kitandani akiivua kwa waya kama mtu anayevua samaki. Waya wenyewe ulikuwa wa kutundikia nguo, ameunyoosha na kuukunja ncha. Akainasa sketi kwenye pindo, ikateleza. Akainasa tena. Mguu wa kulia, ule wa operesheni, alikuwa ameunyoosha mbele yake kama mzigo aliopewa amtunzie mtu. Mguu huo ndio unaotangulia kuvaa, na kuvua unakuwa wa mwisho. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kule hospitali ya Mbeya.

"Mama, nikuvalishe," alisema binti yake Winfrida, amesimama mlangoni.

"Ukirudi Msasani kwenye cherehani yako, nani atanivalisha? Niache."

Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, mawili kila mguu. Pembeni ilikuwepo ndoo, na juu ya ndoo kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kwa sababu choo cha nje ni cha kuchuchumaa. Kulala ni chali, mto katikati ya mapaja, usiku kucha kama maiti. Ilikuwa wiki ya saba.

Miaka minne nyonga ile ilimsaga kama jiwe juu ya jiwe. Chai aliacha kuchuma, kanisani aliacha kwenda, mwisho hata ndizi za mlangoni zilimshinda. Ndipo ikaja kambi ya madaktari bingwa, watu wakaandikishwa wengi, wakachukuliwa sita. Yeye alikuwa wa sita.

Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, dada wa mazoezi, Hasina, mwenye ushungi mweupe, aliingiza ngumi ya mkono mmoja ndani ya kiganja cha mkono wa pili.

"Bibi, nyonga yako mpya ndiyo hii. Mpira na kikombe chake. Nyama za kuushikilia bado hazijakaza. Ukikaa chini, ukichuchumaa, ukikunja miguu, unachomoka. Goti lisipande juu kuliko nyonga. Na ukichomoka huku mapema, sijui kama utapata nyingine."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Miezi mitatu."

"Kwetu mwanamke kukaa chini ndiyo adabu."

Hasina hakucheka. "Basi miezi mitatu usiwe na adabu, bibi."

Tulinagwe alilibeba neno hilo mpaka kijijini kwao Kinyala, na kila aliyekuja kumpa pole alimhadithia, wakacheka pamoja. Kwa wiki sita halikumgharimu kitu. Alipokea wageni akiwa kwenye kiti kirefu, anawasalimia "ugonile" bila kupiga goti, wanamwelewa.

Jana mama mkwe wake alifariki.

Alikuwa mzee aliyepita miaka tisini, amelala mwenyewe, hajaugua. Lakini hata maji ya kumwosha hayajapata moto, neno likawa limeshafika bombani. Aliyelitoa ni Jenifer, mama Obed, mke wa shemeji yake Jairo. "Mwenzetu amewekewa mfupa. Mfupa hauoti kwenye mti. Ametembea yeye, amelala mama."

Winfrida alilisikia na kulileta nyumbani kwa hasira.

"Usiende, mama. Nitakwenda mimi, nitasema daktari amekataza."

"Nisipokwenda, watakuwa wamesema kweli."

"Waseme!"

"Keshokutwa baada ya mazishi ukoo unakaa. Jairo ndiye anashika kikao. Mimi hapa ninakaa kwa mdomo wa mama. Baba yako alipokufa, Jairo alikuja na kamba ya kupimia, mama akatoka na fimbo. Akamwambia, huyu ni mwanangu, shamba lake msiliguse. Hakuna karatasi, Winfrida. Karatasi ilikuwa ule mdomo, na sasa umefungwa kwa kitambaa."

Winfrida alibeba kiti cha plastiki na mito miwili ya kukiinua, wakatoka.

Mvua ya Tukuyu haina haraka, ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kutoka nyumba yake hadi nyumba ya mama mkwe ni migomba na mteremko mfupi, njia ambayo zamani aliikata huku chungu kikiwa kichwani. Magongo kwanza, mguu mgonjwa, kisha mguu mzima. Magongo, mgonjwa, mzima. Udongo ulishika ncha za magongo na kuzing'ang'ania, na kila alipoyang'oa, alisimama akasikiliza ndani ya nyonga yake kama anayesikiliza mlango.

Wanaume walikuwa chini ya turubai, kwenye viti. Jairo aliinuka. Alikuwa amevaa koti la marehemu mdogo wake, baba yake Winfrida.

"Mama Winfrida. Umefika."

"Nimefika, baba Obed. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Hicho kiti ni cha nani?"

"Baba mkubwa, ni cha mama," Winfrida aliwahi. "Daktari amemkataza kukaa chini. Bado mwezi na nusu tu."

"Mama amelazwa wapi?"

"Ndani, baba mkubwa."

"Nauliza juu au chini?"

Winfrida akakishika kile kiti kwa mikono miwili.

"Amelazwa chini, kwenye godoro," Jairo alisema, taratibu, kama anayemsomea mtoto. "Mama yetu, aliyetuzaa sisi wote, yuko chini. Mkwe wake aingie na kiti amkalie juu ya kichwa. Ninyi wazee mliopo, mliwahi kuona? Mkwe hakai juu."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akatazama mvua.

"Basi nitasimama, baba Obed," Tulinagwe alisema. "Nitasimama ukutani, hata mpaka jioni."

"Anayesimama msibani anasubiri kuondoka. Wewe unataka kuondoka? Maana hata hilo tunaweza kulizungumza Jumapili kikaoni."

Hakupaza sauti. Hakuwa na haja.

"Mtu ana chuma mwilini, baba mkubwa! Kikichomoka mtampeleka ninyi?"

"Binti yangu, unapiga kelele kwenye msiba wa bibi yako. Nenda nyuma, wenzako wanamenya ndizi." Akakipokea kile kiti mkononi mwake, kwa upole, akakiweka nyuma ya mzee aliyekuwa amesimama. "Kaa, mzee wangu. Viti vilikuwa havitoshi."

Mlangoni Tulinagwe alimpa binti yake magongo. Ndani yasingepita, wanawake walikuwa wamejaa ukuta hadi ukuta, juu ya mikeka na majani makavu ya migomba, wanaimba. Mikono ilimpokea. Walimpitisha mkono kwa mkono mpaka karibu na godoro, upande wa miguu, mahali pa mkwe, palipokuwa pameachwa wazi. Hakuna aliyemsukuma. Wawili walimshika kwapani, wakamshusha, naye akatanguliza ule mguu mbele kama alivyofundishwa kwa kiti. Lakini kiti kina mwisho na sakafu iko mbali. Alishuka akiwa amefumba macho.

Akafika.

Nyonga ilikuwa bado ipo. Alikaa wima, mikono nyuma, mguu umenyooka, jasho likimtoka kwenye nyumba yenye baridi. Alipumua. Kwa jinsi hii nitaweza, alifikiri. Jumamosi tutazika. Jumapili watakaa.

Uso wa mama mkwe ulikuwa mdogo sana, umefungwa kidevu. Tulinagwe alitaka kumlilia, lakini machozi yalikataa, maana akili yake yote ilikuwa ndani ya mfupa. Wanawake waliliona hilo. Aliona wanavyoliona.

"Mama Winfrida," Jenifer alimnong'oneza, akiwa amesogea mpaka goti lake likamgusa. "Unamwelekezea mama nyayo."

Ni kweli. Wenzake wote walikuwa wamekaa kwa kukunja miguu upande, nyayo zimefichwa chini ya khanga. Mguu wake peke yake ulikuwa umenyooka, kisigino chini, unyayo mweupe ukitazama kichwa cha marehemu.

"Siwezi kuukunja, mama Obed. Kyala wa mbinguni anajua, siwezi."

"Unamkanyaga. Mbele ya watu. Na maneno yaliyopo." Jenifer hakuwa na ubaya usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia kweli. "Nikusaidie. Kidogo tu, upande."

Akaushika mguu kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayepanga maua, akaukunja goti na kuuelekeza ndani.

Ulitoa mlio mmoja, mzito, ambao Tulinagwe aliusikia kwa meno.

Kisha akapiga yowe. Lilitoka mahali ambapo hakujua kuwa anapo, likapanda juu ya nyimbo zote, likavunjika, likaanza tena. Wanawake waligeuka. Wimbo ulisita nusu ya pumzi. Halafu mwanamke mmoja kwenye kona akaitikia kwa yowe lake, na mwingine, na nyumba nzima ikalipuka kwa kilio ambacho tangu jana kilikuwa hakijapatikana. Walimshika mabega. Walimlaza kifudifudi juu ya miguu ya marehemu, wakimpapasa mgongo. "Lia, mama. Lia, utoe uchungu."

"Mguu," alisema. "Mguu wangu."

"Ndiyo, amekuacha, mama. Lia."

Nje, chini ya turubai, Jairo aliwatazama wazee mmoja baada ya mwingine. Walitikisa vichwa polepole, wameridhika.

Winfrida alitupa kisu na ndizi, akakimbia. Mlangoni alikuta migongo, migongo mitupu, imeziba mpaka juu. Aliivuta, akaipiga ngumi, akaita jina la mama yake. Mwanamke wa mwisho kwenye ule mlango alimgeukia, uso umelowa, akamkumbatia kwa nguvu asiweze kupita.

"Mwache," alimwambia sikioni. "Mwache mama yako alie. Watu walishaanza kumfikiria vibaya."

Ndani, Jenifer alikuwa anatandaza khanga juu ya mguu wa Tulinagwe, kwa sababu ulikuwa umekaa vibaya, vidole vimegeukia mguu mwenzake, na ulikuwa haufunikiki.