Chozi la Bibi Walburga

Moshi wa kinyesi cha ng'ombe umejaa jikoni, bibi Nyamizi anapuliza moto, macho mekundu kama kawaida yake, na Kabula, mjukuu wake, katoka shule kachoka, anasinzia palepale kwenye kigoda. Anaegemea ukuta, ukuta unaachia kama pazia, na sasa yuko njiani, njia haina mwisho, na mbele yake anatembea mtu asiye na uso, ngozi tupu kama ganda la yai. Shikamoo, njia hii inaenda wapi? Mtu anacheka. Kitendawili. Tega, anajibu Kabula, sauti haitoki vizuri. Maji gani hayazimi hata jiko, lakini yanazima moto wa kumchoma mtu? Kabula hajui. Basi nipe mji. Kabula anataja kijiji chao, mji mwingine haujui. Ahsante, nimeupokea. Hapohapo mji unaota pande zote, paa zimechongoka, theluji, ni Ulaya ya zamani sana, ila kila kioo cha dirisha kinaonyesha kijiji chao. Uwanjani kuni zimepangwa. Bibi mmoja kafungwa kwenye kiti, kanyolewa kipara. Huyo Walburga, mkunga, anasema asiye na uso. Jaji mwenye joho jeusi anatangaza: mchawi hana machozi, akitoa chozi kabla ya kengele, aende kwake. Watu wanazomea. Lia basi, ajuza! Mwanangu ulimpokea wewe, kumbe ulikuwa unamwangalia kama nyama? Nimelia tangu mliponikamata, wanangu, machozi yameniisha, anajibu Walburga. Jaji anageuka kunywa mvinyo. Kabula anasogea, uso ule ni wa bibi yake kabisa, anapiga goti. Shikamoo bibi. Bibi Walburga anashtuka. Marahaba, mjukuu wangu. Tangu wanifunge hakuna aliyenisalimia. Na chozi linatoka, moja, nene, linashuka shavuni. Kwao Kabula mzee haachwi akilia mbele za watu, ni aibu. Mkono wake unaenda wenyewe, anashika ncha ya khanga aliyojifunga, analifuta. Kengele inalia. Jaji anageuka, anapitisha kidole shavuni. Pakavu. Nimelifuta mimi, anasema Kabula, lakini ni ile sauti yake ya darasani, inaishia kooni. Unasemaje, wewe mtoto? Sema! Wote wanamtazama. Kabula anaangalia vidole vya miguu yake. Moto unawashwa, na bibi Walburga hapigi kelele, anamtazama yeye tu. Ni machozi, ananong'ona asiye na uso, jibu lilikuwa machozi, ila mji nimeshauchukua.

Kabula anazinduka. Jiko, moshi, kigoda. Ncha ya khanga imelowa. Nje kuna vishindo, sauti za majirani. Nyamizi, toka tuyaone hayo macho! Hujawahi kulia hata msibani, mchawi wewe! Bibi anasimama, na chozi, moja, linaanza kushuka. Mkono wa Kabula ushainuka na khanga. Anaushusha. Analia! anapiga kelele, kelele ya kwanza maishani mwake, njooni muone, bibi analia! Mlango unasukumwa, vitu vyeupe vinapeperukia ndani, majivu au theluji, hajui, na wa kwanza kuingia hana uso, hana macho ya kuliona chozi.