Sikio la Kushoto

Bibi mshonaji alianza kuchora uzeeni, mwaka ule macho yalipogoma kutunga uzi kwenye sindano. Brashi haina tundu, alisema, akapiga moyo konde. Kwanza aliwachora kuku, wakatoka kama mito yenye miguu. Kisha akamchora dada yake, na hapo watu wakaacha kucheka, maana alikuwa dada yake kweli, mpaka ule mdomo wa kununa.

Dada akafariki mara tu baada ya picha kukamilika. Bibi akamchora jirani muuza mkaa, naye hakuumaliza mwezi.

"Mama, unachora watu mahututi," binti yake, ambaye ni muuguzi, alimwambia. "Ulitegemea waamke waruke kamba?"

Ni kweli, aliharakisha kuwachora kwa sababu walikuwa wanaondoka. Lakini hofu ilishamwingia, na hofu haina adabu, haitoki kwa kuelezwa.

Sasa aliyelala chumbani alikuwa mume wake, kinyozi mstaafu, ini limechoka, daktari ameshasema warudi naye nyumbani. Na mzee huyo mbishi akaja na ombi moja tu.

"Nichore, mke wangu. Miaka yote nimewashikia watu kioo waone vichwa vyao. Na mimi nataka nione wewe unavyoniona."

Angekataaje? Akachora paji la uso, pua, kidevu. Kazi ilikwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia kiwewe. Lilipobaki sikio la kushoto peke yake, akaosha brashi na kuigeuza picha ukutani.

Siku hiyo alisema rangi imekwisha. Kesho yake mwanga ulikuwa mbaya. Keshokutwa mkono ukamuuma, mkono uleule uliokuwa unasonga ugali na kufua bila taabu yoyote.

"Sikio langu limepotelea wapi?" mzee aliuliza.

"Litakuja."

"Au umeamua kuniacha kiziwi nisisikie maneno yako?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kila mzee alipokohoa, bibi alitupia jicho picha kwanza, mgonjwa baadaye.

"Najua unachofanya," mzee alisema alipopata pumzi. "Sikio halinizuii kwenda, mama. Lichore niione picha yangu."

"Una haraka gani wewe!" bibi alifoka. Neno lilipomtoka aliuma mdomo. Mzee aligeukia upande wa pili.

Asubuhi iliyofuata mzee hakufumbua macho. Binti akaja, akaziinua kope zake taratibu, akamwita, akapitisha mkono mbele ya uso wake.

"Anasikia, mama. Ila kuona, sidhani tena."

Bibi alikimbilia picha. Hakuvaa hata kanga ya kazi. Alilichora lile sikio kwa mipigo michache, mkono umetulia kabisa, na likatoka zuri kuliko kitu chochote alichowahi kuchora. Akaibeba picha ikiwa mbichi mpaka kitandani, akapiga magoti.

"Mume wangu, tayari. Nimemaliza. Fumbua macho basi."

Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Alikisubiri kisimame, hakikusimama. Picha ilikuwa imekamilika na mzee yu hai. Kumbe ingewezekana. Kumbe angeiona jana, na juzi, na siku zote zile alizokuwa akimdanganya kuhusu mwanga na mkono.

Vidole vya mzee vilitapatapa juu ya shuka. Bibi akavishika, akaviweka kwenye picha, navyo vikapita juu ya rangi mbichi na kuliburuza sikio mpaka shavuni. Hakuvizuia.

"Nimetokaje?" mzee aliuliza, kwa sauti ambayo binti hakuisikia.

"Umetoka vizuri."

"Nieleze."

Bibi akafungua mdomo amweleze. "Paji lako…" alianza, na kilio kikamziba.

"Nakusikiliza," alisema mzee.