Tundu la Kaa kwenye Tuta la Ndandalo

Angetile alikuwa nyuma ya mgomba, mtungi kichwani, akizungumza na ng'ombe.

"Ng'ombe we, sikia. Tuta linavuja. Kaa wametoboa upande wa nyumbani kwangu."

Ng'ombe alicheua. Aliyeambiwa hasa ni Mzee Asegelile, baba mkwe wa Angetile, aliyesimama upande wa pili wa mnyama huyo akitazama milima kwa heshima zote. Huku Ndandalo, mke wa mwana haonani na baba mkwe wake, hasemi naye, wala jina lake halitamki. Wakikaribia kukutana njiani, mama hujitupa majanini. Kwa hiyo ng'ombe alikuwa tarishi, na hakuomba mshahara.

"Ng'ombe," mzee akajibu, "muulize huyo: maji yanayotoka ni meupe au mekundu?"

"Mekundu, ng'ombe, yanatoka na udongo. Na mkono wangu unaingia mpaka kwenye kiwiko."

Mzee akashika jembe. Kisha akaliweka chini.

Tuta hilo alilijenga yeye na wanawe, kikapu kwa kikapu, wakazuia kijito ili mpunga upate maji. Lilikuwa lake mpaka kiangazi kilichopita, Jumbe Eliud alipotangaza kwamba maji yote yaliyosimama ni ya serikali ya Kijerumani. Maji yanayokwenda hakuyataja. Pengine serikali ilishindwa kuyakimbiza. Atakayegusa tuta bila ruhusa ya boma, viboko.

"Na likibomoka?" mzee aliuliza siku ile.

"Likibomoka ni la aliyelijenga," jumbe alijibu bila kucheka, kisha akapanda mpunga wake mwenyewe chini ya tuta, upande wa mashariki.

Sasa mzee akamwambia ng'ombe, "Boma ni mbali. Nikirudi na ruhusa, nyumba ya huyo mama itakuwa imeshafika ziwani."

Angetile hakungoja jibu la boma. Kwao ni ufukweni, kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu, na nyumbani alikuwa na udongo wa mfinyanzi aliouletewa na mama yake. Akawaita wake za wana wengine wa mzee. Wakaufinyanga kwa miguu, wakaushindilia tunduni kwa michi ya kutwangia.

Askari akawakuta matope yamewafika magotini. Alikuwa mgeni, mtu wa pwani, hajamaliza wiki Ndandalo.

"Nyie! Nani kawatuma?"

"Mwenye tuta," Angetile akasema.

"Mwenye tuta ni serikali."

"Hiyo haijatutuma, bwana."

"Basi nitajie jina la huyo mtu."

"Mimi silitamki. Ni baba mkwe wangu."

"Wewe hapo, sema!"

"Hata mimi, bwana. Ni baba mkwe wangu."

"Na wewe?"

"Bwana, unataka nilaaniwe?"

Askari akafuta jasho. Viboko vinataka jina, na wanawake wote wale walikuwa wakitazama matope kwa adabu isiyo na kasoro. Akamgeukia ng'ombe aliyekuwa akila majani kando ya tuta, kwa matumaini.

Jioni Jumbe Eliud alifika, watu wakamfuata. Akalipiga tuta teke, likamuumiza kidole. Akaridhika.

"Imara!" akasema. "Mnaona mali ya serikali ilivyo?"

"Samahani, bwana jumbe," askari akauliza, maana tangu asubuhi alikuwa akitafuta jina moja tu. "Hili tuta nani alilijenga?"

Jumbe akatazama umati, akatazama tuta lililosimama vizuri namna ile.

"Serikali," akasema. "Nani mwingine hapa angeweza?"

Watu wote wakasikia. Hakuna aliyebisha.

Watu walipotawanyika, Angetile akarudi nyuma ya mgomba.

"Ng'ombe we. Upande wa mashariki, juu ya mpunga wa jumbe, kuna tundu jingine. Hilo ni kubwa zaidi."

Ng'ombe akapunga mkia.

"Ng'ombe," mzee akauliza taratibu, "udongo wa mfinyanzi umebaki?"

"Umebaki wa kutosha. Ila lile ni tuta la serikali, ng'ombe. Nimeogopa kuligusa."

Mzee akaendelea kutazama milima.

"Ndaga, ng'ombe," akashukuru. "Mwambie huyo mama kwao walimfunza adabu."