Kanda Aliyoachiwa Mama

Baba yangu alikuwa mpiga gitaa na mtunzi wa mashairi, na watu walimwita Saa Tatu. Jina hilo alipewa na wenzake wa ukumbini, kwa sababu saa tatu usiku ikifika, awe katikati ya wimbo au katikati ya ubeti, alifunga gitaa lake akarudi kwa wanawe. Kiongozi wa bendi akawa anatangaza kabisa kwenye kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, gitaa likikata msidhani ni umeme. Ni mume wa mtu anawahi nyumbani."

Ukumbi mzima unacheka. Baba naye anacheka, huku anavaa koti.

Tulimzika Jumamosi. Alhamisi mchana mama akasema, "Leteni ile redio kaseti. Nataka kusikiliza kanda yangu."

Dada yangu mdogo akaenda kuileta. Mimi nikabaki nimekaa, jasho linanitoka kwapani kama nimebeba magunia.

Kila mmoja wetu alikuwa na kanda yake. Dada alipozaliwa baba alimtungia shairi, akaliimba kwa gitaa, akalirekodi. Mimi nilitungiwa la kunisifu kwamba nilitoka miguu mbele, kama mtu anayeruka ukuta. Akishamaliza, alivunja vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, asije mtu akarekodi juu yake. Ya mama aliitengeneza mwisho, akaandika kwa kalamu nyekundu: *Ya mama watoto. Nisipokuwepo.*

Na mama alikuwa na swali. Jumapili, wageni walipopungua, aliniambia mimi peke yangu, jikoni, huku anasugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

"Unajua baba yako aliachaje bendi kubwa?"

"Si alichoka safari?"

"Alichoka wapi! Walikuwa ndiyo kwanza wanaanza. Ziara ya nchi nane. Siku ya tatu nikampigia simu, nikamwambia naumwa sana, nakaribia kufa." Akasugua. "Sikuwa naumwa, mwanangu. Nilikuwa na mimba yako, na nyumba ilikuwa kimya. Akarudi kwa basi siku mbili. Wenzake wakaenda wakawa watu. Yeye akaishia kufundisha watoto wa watu gitaa, na kupiga ukumbini mpaka saa tatu."

"Ulimwambia ukweli?"

"Ningeanzia wapi? Nilikuwa namuuliza tu, ulirudi kwa nini? Anacheka. Anasema jibu liko kwenye kanda. Nataka kujua kama alijua. Na kama alijuta."

Sasa nieleze nilichofanya.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, likizo ambayo mpaka leo haijaisha. Dada alikuwa anasubiri matokeo ya mtihani. Nyumbani waliniita Redio, kwa sababu hakuna sauti ya mtu nisiyoweza kuiga. Nikaamua kumtengenezea taarifa ya habari. Kanda tupu hakuna. Nikachukua ya mama. Nikajiambia shairi liko upande wa kwanza, upande wa pili mtupu, baba amevunja vimeno vya pande zote kwa mazoea tu. Nikaziba matundu kwa vikaratasi nilivyochana kwenye daftari la chuo, ikakubali kurekodi. Nikarekodi: "Watahiniwa wote waliokalia madawati yenye mguu mmoja mfupi watarudia mtihani."

Dada alilia mpaka akakosa pumzi, maana dawati lake lilikuwa linayumba kweli. Mama akanirushia kandambili. Baba? Baba alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, anapangusa machozi. "Rudia! Rudia hapo pa mguu mfupi!"

Nikarudia. Mara tatu. Mtu alikaa sakafuni anachekea kaburi la shairi lake, na mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza.

Wiki moja baadaye niligeuza kanda nisikilize. Ule upande niliodhani una shairi ulikuwa mtupu, mwanzo mpaka mwisho. Nikasema nitamwambia arekodi upya. Kesho. Kesho kutwa. Mwaka ukazaa mwaka. Halafu koo likaugua, daktari akamtoboa tundu shingoni, na miaka mitatu ya mwisho baba hakutoa sauti tena, hata ya kuniita mjinga.

Kwa hiyo Jumatano, mama akiwa amelala mchana, nilijifungia stoo na gitaa lake, nikafanya ninachokiweza. Nikatunga, nikaiga sauti yake, nikarekodi palepale nilipoharibu. Mwishoni kabisa palibaki kipande chake halisi, sekunde kumi na moja ambazo utani wangu haukuzifikia. Nikaungana nazo.

Dada akabonyeza. Sauti ya baba, yaani yangu, ikajaa sebuleni:

*Nilijua hukuumwa, nilirudi kwa furaha,*
*Barabara zina vumbi, nyumbani ndiko kwa raha.*

"Baba!" dada akalia, akaificha sura yake kwenye mto wa kochi.

Mama hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama fundi anayesikiliza injini. Nikafika mwisho wangu. Kikaja kile kipande, kamba mbili za gitaa, pumzi, na sauti nzito isiyo na haraka:

*Na hiyo ndiyo sababu, sina nyingine moyoni.*

Kanda ikaanza kukwaruza patupu. Mama akanyoosha mkono akaizima mwenyewe.

"Hapo mwisho ni baba yako," akasema. "Huyo mwingine ni nani?"

Dada akainua uso. Mimi nikatazama zulia.

"Nakuuliza wewe, Redio."

"Mimi, mama."

"Na yeye alisema nini? Kabla ya hapo. Sababu gani?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si ulisikia ndipo ukafuta?"

"Sikusikiliza, mama. Nilirekodi tu."

Nilitamani anirushie kandambili. Hakurusha kitu. Alitoa kanda, akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwani, akachokonoa matundu yale mgongoni mpaka vikaratasi vyangu viwili vikadondoka mapajani mwake. Akavikunja, akanikabidhi mkononi, kwa adabu, kama mtu anayekurudishia kitu ulichosahau kwake.

"Na haya yaliyobaki yasifutike," akasema.

Akairudisha kanda ndani, akairudisha nyuma, akabonyeza. Ilikuwa imerudi nyuma mno, nikaanza kuimba tena. Mama akashika kile kitufe cha sauti akakizungusha mpaka nikanyamaza, akasubiri huku midomo inahesabu, kisha akakipandisha taratibu. Kamba mbili. Pumzi. *Na hiyo ndiyo sababu.*

Kila siku mchana anafanya hivyo. Siku hizi hakosei. Ameshajua ubeti wangu una urefu gani.