Watoto Arobaini na Mmoja, Shangazi Mmoja

Kwa miaka ishirini na sita mwalimu wa darasa la tatu alifundisha insha kwa njia moja, nayo haikuwahi kumwaibisha. Aliiandika ubaoni, herufi zimenyooka kama zimepigwa pasi. Watoto wakainakili, wakaikariri, mchezo ukaisha. Wenzake walimwita Bi Mwandiko, jina alilolipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Insha yenyewe iliitwa "Shangazi Yangu": mnene, mcheshi, anafuga mbuzi kilema.

Mwaka ule mtihani uliwataka watoto waandike juu ya mtu anayewasaidia nyumbani. Wote arobaini na mmoja wakamwandika shangazi, mnene, mcheshi, na mbuzi wake kilema, mpaka nukta ya mwisho. Wasahihishaji wakafuta karatasi zote.

"Ukoo mkubwa huu," mwalimu mkuu alisema, barua mkononi. Kisha akaacha kucheka. "Watafanya tena baada ya wiki tatu. Atakayeshindwa atarudia darasa, hata wakiwa wote."

Bi Mwandiko aliipokea barua, akaisoma mara mbili. Watoto hawakuibia, walifanya alichowafundisha, tena kwa utiifu. Kosa lilikuwa lake na adhabu inawasubiri wao.

Mficha uchi hazai. Alipiga moyo konde, akavuka uwanja mpaka darasa la chekechea, kwa yule mwalimu kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimsema ofisini kwamba darasa lake ni soko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Maji yamezidi unga. Nifundishe kufundisha insha."

Binti wa watu alikuwa na kila haki ya kumcheka. Badala yake akamvutia kiti. "Kaa, mama." Kilikuwa kiti cha chekechea, na Bi Mwandiko akakaa magoti yakiwa karibu na kidevu.

"Waanze kwa mdomo," yule kijana alisema. "Kila mmoja amsimulie jirani yake kitu alichokiona yeye tu. Jirani akiuliza swali, basi hapo ndipo penye insha. Halafu waandike walivyosema. Makosa ya herufi utasahihisha kesho."

"Leo niyaache tu?"

"Yaache, mama. Na wewe uandike pamoja nao, ubaoni, bila kujiandaa."

Hilo la mwisho ndilo lililomtoa jasho. Kesho yake, darasa lilipokwisha kupiga soga kama soko kweli, alisimama na chaki asijue aanzie wapi. Hakuwahi kuwa na shangazi mwenye mbuzi. Insha ile naye aliinakili kwa mwalimu wake, alipokuwa na miaka tisa. Aliandika: Baba yangu alikuwa mkali. Akaitazama, akaikata. Akaandika: Baba yangu alikuwa mkali, lakini nikilia alitoka nje.

"Mwalimu amekosea!" darasa zima likashangaa.

"Sijakosea. Natafuta."

Wakaangua kicheko, na penseli zikaanza kwenda.

Isipokuwa ya Sisimizi. Kasichana hako walikaita hivyo kwa udogo na ukimya. Jirani akikauliza, kanainua mabega. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, daftari jeupe. Bi Mwandiko akawa anakaa naye kila mapumziko, chai yake ikipoa ofisini.

"Kwenu asubuhi nani anaamka wa kwanza?"

Siku ya tatu ya swali hilo ndipo jibu lilipotoka, kwa kunong'ona. "Mama mdogo."

"Umejuaje, na wewe umelala?"

Sisimizi akamtazama, kisha akainamia meza.

Siku ya mtihani Bi Mwandiko alitolewa nje kama sheria ilivyotaka. Kupitia dirishani alikiona kichwa kile kidogo kimeinama tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, asijue kinaandika au kinalia.

Wote walifaulu. Wengine kwa kuponea chupuchupu, lakini walifaulu, Sisimizi akiwemo. Bi Mwandiko alilia mbele ya walimu wote na hakuona haya.

Karatasi zilirudi, watoto wakaenda nazo nyumbani. Asubuhi iliyofuata mwanamke mwenye aproni ya kazini alisimama mlangoni, karatasi mkononi. Bi Mwandiko alidhani amekuja kulalamikia alama.

"Mimi ndiye mama mdogo wa yule mnayemwita Sisimizi," alisema. "Soma, mwalimu."

Herufi zilikuwa zimeinama huku na huku, maneno mawili yamekatwa. Mama mdogo anaamka mapema. Ananichemshia maji ya kuoga. Yeye anaoga ya baridi kwa sababu mkaa ni mdogo. Anafikiri nimelala. Mimi nasikia akioga, anavuta pumzi kwa nguvu.

"Dada yangu alipofariki nilimchukua," yule mwanamke alisema. "Miaka minne, hazungumzi na mimi. Nikajua hanitaki, nipo nipo tu. Kumbe ananisikia." Akajifuta macho kwa aproni. "Ahsante, mwalimu. Sijui nikushukuru vipi."

Bi Mwandiko alikunja karatasi taratibu, akamrudishia, akamshika mkono. "Shukrani hiyo tugawane," alisema. "Njoo nikupeleke kwa mwalimu wangu." Wakavuka uwanja pamoja, kuelekea kwenye kelele za chekechea.