Gari la Baba Hope

Siku ya pili baada ya kuanua matanga, Godlisten alikaa kwenye usukani wa gari la marehemu kaka yake Benson, uani kule Mwananyamala, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, redio ikaimba, injini ikanyamaza. Shemeji yake, Auleria, alikuwa bombani anaosha trei za mayai. Biashara ya mayai ndiyo iliyonunua gari hilo, ila kadi iliandikwa jina la mume, na kikao cha ukoo hakikuuliza zaidi ya jina, kikampa Godlisten.

Fundi Mwinjuma akaja na boksi lake la spana. Betri nzima. Akachomoa plagi, akazipiga brashi, akazirudisha. Pampu inaleta mafuta, stata inazunguka. Majirani wakasukuma mpaka kwa muuza mkaa, wapi. Ndipo ndani ya injini mtu akakohoa, kile kikohozi kikavu cha Benson ambacho mtaa mzima unakijua.

"Pole, Baba Hope," fundi alisema, akainama asikilize. Kisha akajifuta mikono. "Gari haliumwi, bosi. Anasema aitwe mkewe."

Auleria akaja na mikono yake yenye maji, akazungusha ufunguo. Likawaka papo hapo. Akazima, akampisha shemeji yake. Likagoma.

Unadhani basi gari lilirudi kwa mwenyewe? Thubutu. Ukoo ulikaa tena, ukamsikiliza fundi, ukamsifu marehemu kwa jinsi alivyompenda mkewe, ukaamua gari ni la Godlisten na Auleria atakuwa anakwenda kuliwasha. Nauli juu yake.

Siku hizi trei zinakaa tupu uani. Kila asubuhi Auleria anapanda basi kwenda Kurasini, anakoishi Godlisten, na kumkuta mlangoni na kikombe cha chai.

"Shemeji, unachelewaga sana," anamwambia.

Wiki iliyopita Benson aligoma hata kwa mkewe. Alikohoa, akasema wazi kwamba amechoka kuendeshwa na mwizi. Auleria alikuwa na hasira kuliko yeye, lakini aliinamia usukani akaongea kwa sauti ya chini.

"Waka tu, Baba Hope. Nyumba nayo hawajaikalia kikao, na wanao wanalala humo."

Gari likawaka.

Auleria akashuka, akafunga mlango taratibu kwa sababu mumewe hakupenda ubamizwe, akatembea kwenda kituoni.